Oman: mafuta machache, ahadi nyingi

*Usultani uliowasomesha, kuwatibu na kuwaajiri raia wake kwa fedha za mafuta tangu mwaka 1970 umetunga kodi ya mapato, ya kwanza katika nchi za Ghuba, na hesabu iliyozoeleka kati ya mtawala na mtawaliwa imeanza kusomwa upya.*

Mwezi Juni 2025 Sultan Haitham bin Tariq wa Oman alitoa amri inayoweka kodi ya asilimia 5 juu ya mapato ya mtu binafsi yanayozidi riali 42,000 kwa mwaka, kiasi kinachokaribia dola 109,000 za Kimarekani, na utozaji wake umepangwa kuanza Januari 2028. Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi, ambaye mshahara wake hukatwa kabla haujamfikia mkononi, habari hiyo inaweza kuonekana ndogo. Katika Ghuba si ndogo hata kidogo, kwa kuwa hakuna hata moja kati ya nchi sita za Baraza la Ushirikiano la Ghuba, yaani Saudia, Umoja wa Falme za Kiarabu, Kuwait, Qatar, Bahrain na Oman yenyewe, iliyokuwa imethubutu kutoza mishahara ya watu kwa namna hiyo.

Watakaolipa ni takriban asilimia 1 tu ya wakazi, kwa makadirio ya serikali, kwa hiyo uzito wa jambo hili haupimwi kwa makusanyo yake. Kwa zaidi ya nusu karne dola ya Oman imesimama juu ya makubaliano yasiyoandikwa: mafuta hugharimia shule, hospitali, barabara na ajira, raia halipi kodi yoyote kutoka mshahara wake, naye kwa upande wake haulizi sana jinsi maamuzi yanavyofikiwa. Kodi, hata iwaguse wachache, inalegeza fundo la makubaliano hayo.

Ipo sababu ya Oman kutangulia ilhali jirani zake wanangoja. Akiba yake ya mafuta iliyothibitishwa ni takriban mapipa bilioni 5, wakati ya Saudia inazidi bilioni 260. Oman haikujiunga kamwe na OPEC, jumuiya ya nchi zinazouza mafuta kwa wingi, ingawa tangu mwishoni mwa 2016 imekuwa ikishirikiana nayo katika mpango mpana wa kupunguza uzalishaji. Hutoa karibu mapipa milioni moja kwa siku, na sehemu kubwa kabisa ya mafuta yake ghafi hununuliwa na China.

Mlima, jangwa na pepo za kusi

Oman ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 309,500, karibu theluthi moja ya Tanzania, nayo imekaa kwenye kona ya kusini-mashariki ya Bara Arabu, ikipakana na Yemen, Saudia na Umoja wa Falme za Kiarabu. Milima ya Hajar huinama kama upinde kutoka rasi ya Musandam hadi karibu na Ras al-Hadd, na kilele chake, Jebel Shams, hufikia takriban mita 3,000. Kati ya milima hiyo na bahari umelala uwanda wa Batinah wenye mitende na miji ya pwani, na nyuma ya milima uko mkoa wa ndani wa Nizwa na Bahla, ambako historia ya kisiasa ya nchi imeamuliwa mara nyingi zaidi kuliko Maskati, mji mkuu.

Musandam imetengwa na Oman nyingine kwa ardhi ya Falme za Kiarabu, nayo inauangalia Mlango wa Bahari wa Hormuz, njia inayopitisha sehemu kubwa ya mafuta ya Ghuba. Bandari kubwa za Oman zenyewe, yaani Sohar, Mina al-Fahal, Duqm na Salalah, zote ziko nje ya mlango huo, bahati ya kijiografia ambayo wapangaji wa uchumi huko Maskati hawachoki kuwakumbusha wawekezaji.

Kusini kabisa ni Dhofar. Kuanzia Juni hadi Septemba pepo za kusi, zile zile zilizokuwa zikirudisha majahazi kutoka Unguja hadi Maskati, huleta ukungu na manyunyu juu ya milima ya Salalah, majani yakachipua na ngamia wakala wakashiba, ilhali kilomita chache kaskazini mwa milima hiyo jangwa linabaki kavu hadi Rub al-Khali. Huko Dhofar ndiko unakotoka ubani, bidhaa iliyouzwa nje kwa karne nyingi kabla ya mafuta.

Maji ndiyo yaliyokuwa kipimo cha utajiri. Mifereji iitwayo aflaj, ambayo huchukua maji ya chini ya ardhi au ya chemchemi na kuyapeleka mashambani kwa mteremko tu bila pampu, bado inatumika katika maeneo takriban 3,000, na mitano kati yake iliingizwa mwaka 2006 katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Zamu za maji ziligawanywa kwa saa, zikipimwa kwa kivuli cha jua mchana na kwa nyota usiku, na kila mfereji ulikuwa na msimamizi na hesabu zake. Kwa maneno mengine, wanakijiji wa Oman walijua kusimamia mali ya pamoja, na kuulizana juu yake, muda mrefu kabla ya kuwapo wizara ya fedha.

Mafuta yaliyotanguliwa na vita

Mwaka 1937 Sultan Said bin Taimur alitia saini mkataba wa miaka 75 na tawi la Kampuni ya Mafuta ya Iraq, shirika lililomilikiwa na makampuni makubwa ya Ulaya na Marekani, kuliruhusu kutafuta mafuta katika nchi yake. Kasoro ya mkataba huo ilikuwa kwamba sehemu ya nchi iliyotarajiwa kuwa na mafuta haikuwa mikononi mwa aliyetia saini.

Kwa makubaliano ya Sib ya mwaka 1920, Sultan alibaki na pwani, na makabila ya ndani yakaachiwa kuendesha mambo yao chini ya Imamu wa Kiibadhi. Uibadhi ni madhehebu ya Kiislamu ambayo si ya Sunni wala Shia, na ambayo kwa asili yake husisitiza kwamba kiongozi achaguliwe kwa elimu na uadilifu wake, si kwa ukoo. Wakazi wa Unguja na Pemba wanaifahamu kwa misikiti iliyojengwa huko na wahamiaji kutoka Oman.

Imamu Muhammad al-Khalili alipofariki mwaka 1954, wanajiolojia walikuwa wakililenga eneo la Fahud, pembezoni mwa jangwa, na kikosi cha askari kilichogharimiwa na kampuni hiyo ya mafuta kikawafungulia njia. Mwaka uliofuata Nizwa ilitwaliwa. Uasi uliozuka 1957 chini ya Imamu mpya, Ghalib bin Ali, na ndugu yake Talib ulimalizika Januari 1959, askari wa Uingereza walipopanda Jebel Akhdar. Ni vigumu kuieleza vita hiyo bila kuitaja Fahud, ijapokuwa nyaraka rasmi za wakati huo zilipendelea kuiita suala la mamlaka ya Sultan.

> Kisima cha kwanza cha Fahud hakikutoa kitu, ingawa kilichimbwa mita mia chache tu kutoka kwenye mojawapo ya hazina kubwa za mafuta nchini.

Baada ya visima vikavu kadhaa, wabia wengi walikata tamaa na kujitoa mwaka 1960, wakabaki Shell kwa asilimia 85 na Partex kwa asilimia 15. Ung'ang'anizi huo ulilipa. Mafuta ya kuuzika yalipatikana Yibal mwaka 1962, kisha Natih na Fahud, na bomba likatandazwa kupitia bonde la Sumail hadi pwani, karibu na Maskati. Tarehe 27 Julai 1967 shehena ya kwanza ya mapipa 543,800 iliondoka Mina al-Fahal ikithaminiwa kwa dola 1.42 kwa pipa, jumla ikikaribia dola 772,000.

Julai 1970

Nchi iliyopokea fedha hizo ilikuwa na shule tatu za kisasa na takriban kilomita kumi za barabara ya lami, na malango ya mji wa Maskati yalifungwa usiku. Said bin Taimur, aliyekuwa akiishi Salalah tangu 1958, husimuliwa kama mtawala aliyekataa kila kipya, na mengi katika masimulizi hayo ni kweli. Kinachotajwa kwa nadra ni kwamba alirithi hazina iliyojaa madeni, akatumia miaka mingi kuyalipa, na akashikilia kuwa dola isiyodaiwa ndiyo dola huru. Wanaosoma hesabu za Oman za mwaka 2020, zenye deni kubwa, wanaweza kumfahamu zaidi kuliko watu wa zama zake walivyomfahamu.

Tarehe 23 Julai 1970 aliondolewa na mwanawe, Qaboos, kwa msaada wa maofisa wa Uingereza, akahamishiwa London, alikofariki mwaka 1972. Jina la nchi, lililokuwa Maskati na Oman, likawa Oman peke yake, na utumwa ukapigwa marufuku.

Qaboos alirithi pia vita. Tangu 1965 waasi wa Dhofar, ambao harakati yao ilianza kama malalamiko ya kimkoa kisha ikachukua itikadi ya Kimaksi, walikuwa wakipigana na serikali, na vita hiyo, iliyomeza sehemu kubwa ya mapato ya mwanzo ya mafuta, ilimalizwa mwaka 1975 kwa msaada wa Uingereza, Iran ya Shah na Jordan. Silaha peke yake hazikuimaliza. Waasi waliojisalimisha walisamehewa, wakapewa kazi, visima na shule. Yusuf bin Alawi, aliyekuwa katika harakati hizo miaka ya 1960, baadaye aliongoza diplomasia ya Oman hadi 2020. Hapo ndipo makubaliano yale yasiyoandikwa yalipopata sura: anayeweka silaha chini hupata sehemu yake ya mafuta.

Mwaka 1974 serikali ilichukua asilimia 60 ya kampuni ya uzalishaji, PDO, huku Shell ikibaki na asilimia 34 na wabia wadogo wakigawana zilizosalia. Tofauti na jirani kama Saudia na Kuwait, ambazo hatimaye zilitwaa umiliki wote, Oman iliwaacha wageni ndani, uamuzi uliotokana zaidi na ugumu wa miamba yake kuliko na ukarimu.

Waliorudi kutoka ng'ambo

Dola mpya ilikuwa na fedha lakini haikuwa na makarani, waalimu wala wahandisi. Wengi wao ilibidi waitwe kutoka nje, na kundi moja kati ya waliorudi linaihusu moja kwa moja Afrika Mashariki.

Seyyid Said bin Sultan alihamishia baraza lake Unguja karibu na mwaka 1840, na alipofariki mwaka 1856 milki yake iligombewa na wanawe, hadi Waingereza walipoigawa rasmi mwaka 1861 kwa sharti kwamba Zanzibar iilipe Maskati dola 40,000 za Maria Theresa kila mwaka. Sharti hilo linaonyesha wazi ni upande upi uliokuwa na mali wakati huo: karafuu, pembe na kazi ya watumwa viliitajirisha Unguja, na Oman ikabaki na tende na samaki. Kwa karibu miaka mia moja iliyofuata, ukame ulipozidi au makabila yalipopigana, watu wa Manga, kama Oman ilivyoitwa, walipanda majahazi kwenda Unguja, Pemba, Mombasa na hata Tabora na Ujiji, wakafungua maduka, wakaoa, wakazaa watoto ambao lugha yao ya kwanza ilikuwa Kiswahili.

Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, yaliyowaua na kuwafukuza Waarabu wengi, maelfu walitawanyika, wengine Uingereza, wengine Cairo, wengine Kuwait na Dubai. Said bin Taimur hakuwa na hamu ya kuwapokea. Qaboos aliwaita, nao wakaja na Kiingereza, vyeti vya shule na uzoefu wa ofisi, wakajaza nafasi katika wizara, benki, vyombo vya usalama na PDO.

Mapokezi hayakuwa matamu kila upande, kwani baadhi ya wenyeji waliwatazama kama wageni waliopewa vyeo, wasiojua Kiarabu sawasawa, na jina "Wazanzibari" lilitamkwa kwa sauti isiyokuwa ya sifa tu. Hata hivyo, Kiswahili bado kinasikika katika mitaa ya Maskati na katika miji ya Sharqiyah na Dakhiliyah, na familia nyingi zina jamaa pande zote mbili za bahari.

Raia wengine wa Oman ni Wabaluchi wa Batinah, ambao mababu zao walitoka ng'ambo ya Ghuba ya Oman, Walawatiya wa Mutrah walio Washia wafanyabiashara, na watu wa kusini wanaozungumza lugha zao za Kisemiti kama Kimehri na Kijibbali. Wakazi wote wamezidi milioni 5, na zaidi ya wanne katika kila kumi ni wageni, wengi wakiwa wametoka Bangladesh, India na Pakistan.

Miongoni mwa wageni hao wamo wanawake kutoka Tanzania, Kenya na Uganda wanaofanya kazi za nyumbani, ambao mateso ya baadhi yao, pamoja na kunyang'anywa pasipoti na kucheleweshewa mishahara, yalielezwa katika ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2017 iliyowahusu Watanzania. Utajiri wa mafuta hauonekani kwa sura moja kwa kila anayeuhudumia.

Barua iliyofungwa

Katika muundo wa dola, Sultan ni mkuu wa nchi, mkuu wa serikali na amiri jeshi mkuu, na sheria hutolewa kwa amri yake. Qaboos alishika mwenyewe pia nyadhifa za fedha, ulinzi na mambo ya nje hadi mwisho wa maisha yake. Sheria ya Msingi, ambayo ndiyo katiba, aliitoa mwaka 1996. Kwa kuwa hakuwa na mtoto, aliacha jina la mrithi katika barua iliyofungwa, na alipofariki tarehe 10 Januari 2020 ukoo wa Al Busaid uliamua kuifungua badala ya kujadiliana, na binamu yake Haitham akaapishwa kesho yake. Mwaka mmoja baadaye Sheria ya Msingi mpya iliweka utaratibu wa mrithi kutoka baba kwenda mwana, na Theyazin bin Haitham akawa mrithi wa kwanza kutambuliwa rasmi.

Chini ya Sultan kuna Baraza la Oman lenye sehemu mbili: Baraza la Dola, ambalo wajumbe wake huteuliwa, na Baraza la Shura, lililoanzishwa 1991, ambalo wajumbe wake huchaguliwa na wananchi wa wilaya. Tangu 2003 kila raia aliyetimiza miaka 21, mwanamume na mwanamke, ana haki ya kupiga kura, lakini vyama vya siasa haviruhusiwi, na katika uchaguzi wa 2023 hakuna mwanamke aliyepata hata kiti kimoja kati ya viti 90. Shura hujadili miswada na kuwahoji mawaziri wa huduma. Ulinzi, usalama na mambo ya nje viko nje ya mikono yake.

Mipaka ya kuuliza inafahamika. Agosti 2016 gazeti la Azamn lilifungwa baada ya kuchapisha tuhuma za ufisadi katika mahakama, na wahariri wake wakashitakiwa.

Mvuke ndani ya mwamba

Wanaofananisha Oman na Kuwait au Abu Dhabi husahau kazi inayofanyika chini ya ardhi. Mafuta mengi ya Oman ni mazito, yamenaswa ndani ya miamba iliyovunjika-vunjika na kutawanyika katika maeneo mengi madogo, hivyo kuyatoa kunahitaji gharama na ustadi ambao jirani zake hawajalazimika kuutumia kwa kiwango hicho.

Uzalishaji ulikaribia mapipa 960,000 kwa siku mwanzoni mwa karne hii, kisha ukaanguka hadi takriban 710,000 mwaka 2007. Yibal, eneo-mama la mafuta la nchi, lilikuwa limechimbwa kwa visima vya ulalo vilivyoharakisha kuyatoa mafuta lakini vilifuatwa na maji mengi, na Shell ilipotangaza Januari 2004 kwamba imepunguza kwa takriban asilimia 20 hesabu ya akiba zake duniani, Oman ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyotiliwa shaka. Kwa nchi ambayo bajeti yake yote ilitegemea hesabu hizo, halikuwa tatizo la wanahisa wa Ulaya peke yao.

Jibu lilikuwa uhandisi. Huko Mukhaizna na Qarn Alam mvuke husukumwa ardhini ili kuyapasha mafuta mazito moto yapate kutiririka. Marmul huchanganywa maji na polima, kemikali inayoyafanya maji yawe mazito kiasi cha kuyasukuma mafuta mbele yake. Harweel hutumika gesi. Kwa njia hizo uzalishaji ulivuka mapipa milioni moja kwa siku mwaka 2016. Mvuke, hata hivyo, huchemshwa kwa gesi asilia, na gesi hiyo hiyo inatakiwa na mitambo ya umeme, ya kuondoa chumvi katika maji ya bahari na ya kugandisha gesi iwe kimiminika kwa ajili ya kuuzwa nje, kazi iliyoanza Qalhat mwaka 2000. Kuanza kwa uzalishaji wa gesi huko Khazzan mwaka 2017 kulileta nafuu, lakini ugomvi wa nani apewe gesi haujaisha.

Pamoja na kila pipa la mafuta hutoka mapipa kadhaa ya maji ya chumvi yenye mafuta ndani yake. Huko Nimr, katikati ya jangwa, maji hayo huachiwa yapite katika mabwawa makubwa ya matete yanayoyasafisha kwa njia ya asili, na ndege wanaohama wameshayageuza kuwa kituo chao.

Si kila mnyama aliyepata bahati hiyo. Hifadhi ya choroa wa Arabuni, iliyotangazwa Urithi wa Dunia mwaka 1994, ilifutwa katika orodha mwaka 2007, ya kwanza kufutwa katika historia ya orodha hiyo, baada ya ujangili kuwapunguza wanyama hao kutoka takriban 450 hadi 65 na serikali kulipunguza eneo la hifadhi kwa asilimia 90, sehemu iliyobanduliwa ikiachiwa watafutaji wa mafuta na gesi.

Sohar yauliza

Wafanyakazi wanaohitajika kwenye visima ni wachache, na vijana ni wengi. Sera ya kuwaweka raia katika nafasi za wageni imekuwapo tangu miaka ya 1980, lakini kwa muda mrefu kijana wa Oman alingoja kazi ya serikali, yenye mshahara mzuri na saa chache, na mwenye duka alimwajiri mgeni aliyekubali mshahara mdogo na asiyeweza kuhama kwa mwajiri mwingine bila ruhusa, sharti lililoondolewa mwaka 2021 tu.

Mwezi Februari 2011 vijana walikusanyika katika mzunguko wa barabara huko Sohar, mji wa viwanda wa Batinah, wakidai kazi na kuondolewa kwa mawaziri waliotuhumiwa ufisadi, huku wengi wao wakiendelea kumtaja Qaboos kwa heshima. Alijibu kwa ahadi ya nafasi 50,000 za kazi, posho ya riali 150 kwa mwezi kwa wasio na ajira, na mabadiliko ya baraza la mawaziri. Jirani tajiri zikaahidi dola bilioni 10 za msaada.

> Mwaka 2011 dola ilinunua utulivu kwa ajira 50,000; mwaka 2021, ikiwa na deni kubwa, iliahidi 32,000.

Bei ya mafuta iliporomoka kuanzia katikati ya 2014, na mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga biashara ya dunia, deni la serikali lilikaribia asilimia 70 ya pato la taifa. Haitham alipunguza matumizi, akawastaafisha watumishi wa muda mrefu, akapunguza ruzuku na kuanzisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5 mwezi Aprili 2021. Mwezi uliofuata Sohar iliinuka tena, ahadi ya kazi 32,000 ikatolewa, na kabla ya mwaka kuisha bei ya petroli ikawekewa kikomo. Kukaza na kulegeza kumekuwa mtindo wa utawala wake, na kwa kiasi fulani kumefaulu: kufikia 2024 deni lilikuwa limeshuka chini ya asilimia 40 ya pato la taifa, ingawa kupanda kwa bei ya mafuta mwaka 2022 kulichangia mafanikio hayo pamoja na nidhamu.

Wanaoitetea kodi na wanaoihofia

Wanaoitetea kodi ya mapato, wakiwamo wataalamu wa hazina na Shirika la Fedha la Kimataifa, wanasema ni bora mfumo wa ukusanyaji ujengwe sasa, kwa taratibu na kwa matajiri tu, kuliko kujengwa kwa pupa siku ambayo visima vitapungua. Wanaonyesha pia kwamba kuna matumizi mapya ya kugharimia: sheria ya hifadhi ya jamii ya mwaka 2023 imempa kila mtoto riali 10 kwa mwezi na kila mzee aliyefikisha miaka 60 riali 115, haki isiyotegemea kujuana na mkubwa wala kusubiri fadhila.

Wafanyabiashara wanahofu kwamba mabingwa na mitaji watavuka mpaka kwenda Dubai, mwendo wa saa chache kwa gari, ambako mshahara hautozwi. Wananchi wa kawaida, ambao kodi hiyo haiwagusi, wana hofu ya aina nyingine: kwamba kiwango cha riali 42,000 kinaweza kushushwa baada ya muda, kama ambavyo ruzuku ya umeme ilianza kupunguzwa kidogo kidogo. Muswada ulipita kwenye Baraza la Shura mwaka 2024, na wajumbe wake watarudi kwa wapiga kura mwaka 2027, miezi michache kabla ya makusanyo ya kwanza.

Hoja kwamba anayelipa kodi atadai sauti ni ya zamani, na haithibitiki kila mahali. Kodi ya ongezeko la thamani, inayolipwa na kila anayenunua bidhaa, haijaleta chama wala kuongeza mamlaka ya Shura. Lakini kodi ya ongezeko la thamani hufichika ndani ya bei. Ya mapato itawafikia kwa jina watu wenye uwezo, wasomi na wafanyabiashara walio karibu na dola, nao ndio wanaojua kusoma bajeti.

Miaka 47 ya Duqm

Dira ya 2040, mpango wa maendeleo ambao Haitham aliusimamia kabla hajawa Sultan, inatarajia sehemu ya mafuta katika uchumi ipungue sana, na bandari ya Duqm, iliyokuwa kijiji cha wavuvi kwenye Bahari ya Uarabu, ndiyo inayobeba matumaini hayo. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha mapipa 230,000 kwa siku, kinachomilikiwa kwa ubia na Kuwait, kilizinduliwa huko Februari 2024. Karibu nacho, na huko Dhofar, serikali imetenga ardhi kubwa kwa ajili ya haidrojeni ya kijani, yaani gesi inayopatikana kwa kuyatenganisha maji kwa umeme wa jua na upepo.

Mikataba ya kwanza ilitiwa saini mwaka 2023 kupitia shirika la serikali la Hydrom, kwa minada, na washindi wakapewa haki ya kutumia ardhi kwa miaka 47, badala ya ile 75 ya mwaka 1937. Maji yatatoka baharini baada ya kuondolewa chumvi. Mafuta ya 1967 yalikuwa na meli ikiyangoja Mina al-Fahal. Kwa haidrojeni, wanunuzi wa Ulaya na Asia bado wanabishana kuhusu bei, na serikali imelazimika kupanga barabara, mabomba na matangi kabla mnunuzi hajaweka saini.